Mvua ya Mwalimu Restuta

Mgeni ni kipofu hata kama macho anayo. Mwalimu Restuta hakuwa amemaliza hata miezi miwili kijijini Msangano. Laiti angeuliza kwanza, asingefunga mdomo wa chupa mwezi ambao mvua ilikuwa imegoma.

Ilikuwa chupa ya jemu. Alivuta kipande cha puto juu ya mdomo wa chupa hiyo, akakikaza kwa uzi, kisha akabandika mrija wa soda juu yake. Akawaeleza watoto wa darasa la sita kwamba hewa ya nje ikipungua nguvu, ile ya ndani hulisukuma puto juu, na ncha ya mrija hushuka. Hapo mvua i njiani. Kila asubuhi waliusoma mrija na kuandika ubaoni: leo jua. Jua likiwaka, walipiga makofi, maana alikuwa amewafundisha kumpigia makofi anayepatia.

Mitaani watu walisimuliana mengine. Bondeni huko kila mtu anajua kwamba mwenye kufunga mvua huifungia kwenye chombo na kukaza mdomo. Mwaka uliopita mama mmoja alichomewa nyumba kwa ajili ya chungu kilichofunikwa tu. Restuta aliyasikia hayo asubuhi ya siku walipomjia, akiwa ameshachelewa.

Saa nne Nkwabi, mfugaji wa hapo kijijini, alisimama mlangoni mwa darasa na wanaume wenye mapanga. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, na uso wake haukuwa na utani. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda mjini Tunduma.

"Salamu baadaye, mwalimu. Ifungue hiyo."

Leo, kwa mara ya kwanza, mrija ulikuwa umeshuka, na ubaoni nyuma yake watoto walikuwa wameandika: LEO MVUA. Akaegemea ubao, akayafuta maandishi kwa mgongo wa gauni lake. Akikataa kufungua, ni mchawi. Akifungua ikanyesha, ni mchawi zaidi. Mwalimu wa sayansi akamwomba Mungu, kwa moyo wake wote, yeye mwenyewe awe amekosea.

Akafungua uzi.

Wote wakatazama nje. Jua kali. Wakangoja, wakangoja, jua lilelile. Nkwabi akaichukua chupa, akainusa. Ilinuka jemu.

"Ni chupa tu," akasema kwa aibu. "Utusamehe, mwalimu. Kufiwa na mifugo kunatia wazimu."

Wakaondoka. Restuta aliketi juu ya dawati, akawa anacheka peke yake.

Wanaume wale walikuwa wamefika kwenye mlingoti wa bendera upepo wa baridi ulipoingia dirishani. Tone likagonga bati. Likafuata jingine. Restuta akawageukia watoto na kidole mdomoni, akiwasihi kwa macho, lakini Jenista, mtoto msikivu kuliko wote, alikwisha simama.

"Mwalimu amepatia!"

Darasa zima likapiga makofi, kwa furaha, kama lilivyofundishwa. Kule mlingotini Nkwabi akasimama, akageuka.