Karatasi ya Wembe

Kitabu cha shemeji kilikuwa kibaya. Nilishajua hivyo nilipofika ukurasa wa tisini, na zilikuwa zimebaki kurasa zaidi ya mia nne.

Mimi ni kinyozi. Shule niliiachia njiani, kusoma sikuacha. Saluni yangu ina rafu ya riwaya, nyingi za anga: vyombo vinavyokwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri. Mteja anayesubiri zamu huchukua anachotaka. Sheria ni moja, na niliiweka mimi: ukimaliza kitabu, unaandika neno lako ndani ya jalada la nyuma. Usipomaliza, huna neno. Watu huchagua kitabu kwa kusoma maneno hayo kwanza.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Ujanani tuligawana kitabu kimoja, yeye asubuhi, mimi jioni, kisha tukabishana mpaka dada yake atufukuze. Alipoanza kuandika, kitabu chake cha kwanza kilininyima usingizi. Cha pili nilikisifu bila kujilazimisha. Cha tatu alikileta mwenyewe, akakiweka kando ya mashine za kunyolea.

"Jalada la nyuma ni lako, shemeji. Nataka neno lako liwe la kwanza."

Nikakianza. Watu elfu mbili wamo ndani ya chombo kwa miaka mia tatu. Kapteni anaeleza injini. Akimaliza, mhandisi anauliza swali, naye kapteni anaeleza upya. Hakuna anayegombana na mkewe. Hakuna anayenuka jasho. Karne tatu, na hakuna hata mmoja aliyenyoa. Macho yakawa yanateleza. Nikatia karatasi ya wembe ukurasa wa tisini iwe alama, nikakirudisha rafuni. Kila siku nilikitazama kama mtu anavyotazama vyombo visivyooshwa.

Jumamosi shemeji akaja kunyoa. Alikaa, nikamfunga kitambaa shingoni, akanyoosha mkono akakichukua kitabu, akakifungua penye karatasi ya wembe.

"Mia tatu na arobaini," akasema. "Umeshamfikia mzee."

Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa akisubiri zamu, akacheka. "Huyu? Mimi namwona akikishika kukipangusa vumbi tu."

"Wewe shona viatu."

"Mzee umemwonaje?" shemeji akauliza, ananitazama kwenye kioo.

Mzee gani, sikujua. Ningeweza kusema "safi" na mambo yakaisha. Mashine ilikuwa inanguruma sikioni mwake.

"Sijamfikia."

"Na karatasi hii?"

"Sikuiweka mimi hapo."

Akakifunga kitabu. Nilimaliza upande wa pili wa kichwa chake kama ninayenyoa gogo.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu, maana ndiye aliyekuwa akifagia saluni asubuhi.

"Ni mimi," akasema. "Niliisogeza kidogo kidogo. Ungenishukuru."

"Sasa ndugu yako ameumbuka zaidi."

"Basi andika neno zuri, yaishe."

"Na mtu akikichukua kwa neno langu?"

"Atakirudisha rafuni. Ndugu yangu utamrudisha wapi?"

Nikakisoma. Kati ya mteja na mteja, mgongo unauma, nikakokota injini ile ukurasa kwa ukurasa. Ndipo nikamfikia mzee. Ni mgonjwa, yuko kitandani kwenye chumba cha chini cha chombo, na mkwe wake anakuja kumnyoa. Mzee anainua kidevu kabla hajaambiwa. Mkwe anapasha wembe joto kwenye kiganja chake kwanza.

Nikakifunga. Baba mkwe nilimnyoa mimi mpaka mwisho wake, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiinua kidevu. Siku hizo shemeji alikuwa akisimama mlangoni. Sikujua kama alikuwa akitazama.

Zilikuwa kurasa sita. Baada ya hapo kapteni alirudi na injini yake, akabaki nayo mpaka mwisho. Nilimaliza. Nikaandika: "Kurasa sita za mzee anayenyolewa zinashinda chochote kwenye rafu hii. Nyingine zote zinachosha."

Shemeji alilisoma neno hilo akiwa amesimama, hakukaa kitini.

"Sita tu?"

"Sita."

"Miaka minne, shemeji." Akapitisha kidole juu ya mwandiko wangu. "Acha ya mzee. Hilo la mwisho lifute."

"Ungelifuta wewe, kwa kitabu cha mwingine?"

Alifikiri. Najua alifikiri kweli, kwa sababu ndiye niliyejifunza naye kubishana.

"Nisingelifuta," akasema. Akakitia kitabu kwapani, akatoka.

Siku hizi ananyolewa saluni ya ng'ambo ya barabara. Fundi viatu anasema wanamwacha na mistari kisogoni. Mke wangu hafagii tena saluni. Nafagia mwenyewe, halafu ndipo nifungue. Basi gharama ya neno lile ni hii: shemeji mmoja, mkono wa mke wangu kwenye ufagio, na zile kurasa sita, ambazo sina tena pa kuzisoma.