Hoja za Mama Kate

Hakimu wa Makadara alisema kila upande ulete hoja kwa maandishi, ndio aamue Ondiek azikwe wapi. Kaka wa marehemu, Tobias, alitaka mwili uende Siaya, kwao mashambani. Mjane, Mwongeli, alitaka makaburi ya Lang'ata, hapa mjini.

Tobias alikuwa na wakili. Mwongeli alikuwa na Frankline, jirani yake wa mtaa wa Mbotela, aliyeacha kusomea sheria mwaka wa tatu na ambaye estate nzima inamwogopa kwa mchongoano, ule utani wa kuchomana.

"Sasa hoja ndiyo nini?" Mwongeli akauliza.

"Mama Kate, hoja ni kumchoma mtu mpaka akose pa kushika. Niachie."

"Usisahau ile Ondiek alisema wodini. Azikwe mahali Kate anaweza kufika amwone. Hata nesi alisikia."

"Hiyo ni ya kulialia. Hakimu atalala."

Akaandika vile Tobias ana roho ngumu mpaka mbu akimuuma anang'oka meno. Vile alikuwa akiona simu ya ndugu yake mgonjwa anazima yake, halafu anazima na ya jirani. Mwongeli aliposoma alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu mochari. Akatia sahihi.

Siku ya uamuzi hakimu hakucheka.

"Haya ni maandishi ya kichokozi," akasema. "Nimeelewa Tobias ni mtu mbaya. Lakini hoja ni ile inayonipa sababu ya kuamua. Nimetafuta humu marehemu mwenyewe alitaka nini, sijaona."

Mwongeli akaruka juu. "Alisema, Mheshimiwa! Nesi alisikia!"

"Mama, hayo ungeyaleta kabla sijafunga kesi." Aliongea polepole, kama mtu anayeumia pia. Siaya.

Nje, Tobias akawafuata. Hakuwa na maringo hata kidogo.

"Mke wetu, gari inatoka mochari saa nane. Utakaa kando ya sanduku, vile inatakiwa. Mtoto aje pia."

Frankline akafungua mdomo.

"Mama Kate, tunaweza kukata rufaa..."

"Wachana na mimi. Enda nyumbani umwambie Kate. Si wewe ndio unajua kuongea?"

Frankline akatembea mpaka Mbotela akitafuta pa kuanzia. Akabisha. Kate akafungua, akamwona ni Frankline, na kabla hajasikia chochote akaanza kucheka.