Amwani Haikurekebisha Kioo

Mistari ya kijani ilianza kukichanachana kioo cha kompyuta mpakato siku ya saba tangu Adventina ainunue. Aliizima, akaiwasha, wapi. Akaiunganisha na televisheni ya parokia ya Ihembe, na huko picha ikatoka safi kabisa. Basi mgonjwa alikuwa kioo. Ripoti yake ya stashahada ilitakiwa Jumatatu, na siku saba za kurudisha zilikuwa zinaishia leo.

Alipanda bodaboda na baba yake hadi dukani kwa Rwegoshora, aliyemuuzia.

"Shikamoo, mjomba. Nairudisha hii."

"Marahaba. Unarudisha?" Rwegoshora alimgeukia baba mtu. "Leonadi, si tulitafuna amwani hapa hapa siku ya kuuziana? Kahawa ya undugu inatemwa?"

Mzee Leonadi aliinamisha kichwa.

"Undugu nawaachia," Adventina akasema. "Kompyuta ndiyo narudisha."

"Umeitikisa kwenye bodaboda, mwanangu."

"Ningeitikisa, ingekuwa na angalau mkwaruzo. Tafuta."

Akachomeka waya kwenye televisheni ya dukani. Juu, kwenye televisheni, picha safi. Chini, kwenye kompyuta, mistari tele. Wateja wakaangua kicheko.

"Mjomba, bodaboda imetikisa kioo tu, mengine ikayaacha?" Adventina akauliza.

Rwegoshora akatoa kompyuta nyingine. Adventina akaiwasha, akaikagua, ndipo akaipakata.

Nje, baba yake alimshika mkono. "Umenivua nguo mbele ya watu. Rudi ukamwombe radhi."

"Baba, nakuheshimu. Lakini radhi siombi."