Mti Dume

Caren aliondoa kitambaa juu ya kikapu, na Joan akayaona matunda ambayo aliambiwa mti wake hauwezi kuyazaa. Matomoko sita, ya kijani, yenye maganda yaliyobonyea kama udongo mbichi ulioguswa kwa kidole gumba.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu mumewe, Kiptum, azikwe. Waliokuja kutoa pole walikuwa wamepungua, hata Joan alifurahi kumpata mgeni huyu wa kutoka Silibwet, aliyesema alimfahamu marehemu kwa kuwa lori lake la majani chai lilipita kwao. Alikuwa amemmiminia chai, na kikombe kilikuwa bado kinafuka.

"Umeyatoa wapi?"

"Ni ya kwangu, Mama Nelvine. Alinipandia yeye." Caren aliinamisha macho. "Sikutaka uje kusikia sokoni. Ni miaka tisa."

Miaka tisa. Mwaka huohuo Kiptum alirudi na tomoko moja, wakalila pamoja jikoni, naye akaziloweka mbegu sita nyeusi, zinazong'aa kama mende, na kuzipanda kwenye pakiti za maziwa. Tano zilikauka, alisema. Mmoja ukakua kando ya zizi, ukachanua, maua yakadondoka. Mti dume, alisema, kama mpapai dume. Joan aliamini, maana kwa mama yake kulikuwa na mpapai wa namna hiyo. Na kila msimu, jioni, Kiptum alipanda kigoda akiwa na brashi ndogo, akayapangusa maua juu ya kiberiti kitupu. Anafukuza wadudu, alisema. Joan alimshikia kigoda.

Caren alieleza taratibu, kama aliyeombwa. Hakuna dume wala jike. Ua hufunguka asubuhi likiwa jike, na jioni ya kesho yake hugeuka dume na kutoa unga. Huku hakuna mdudu wa kuupeleka kwa ua jingine, ni lazima mtu aupeleke. Kiptum alifika kwake asubuhi na mapema na kiberiti.

"Aliniambia unga ni wa shamba moja la Kericho," alisema. "Kwamba wewe huna mti."

Joan aliinuka, akachukua panga nyuma ya mlango, akatoka.

Mti ulikuwa umechanua. Alisimama chini yake, na kilichomjia hakikuwa sura ya Kiptum bali hadithi ya bibi yake. Kwamba zamani mbwa alitumwa awaambie watu kuwa watakufa na kurudi, kama mwezi. Akawakuta wakinywa pombe kwa mirija kutoka chungu kimoja, akaomba mrija. Wakamcheka, wakammwagia pombe juu ya kigoda ailambe. Mbwa akakasirika, akatangaza kuwa ni mwezi tu utakaorudi.

Maisha yake yote Joan alikuwa ameiamini hasira ile. Sasa alimwona mbwa mwingine, aliyepitia kwanza boma la ng'ambo, akapewa mrija mrefu na mahali pa kukaa, akaimaliza habari yote huko. Alipofika kwa hawa wengine hakuwa na hasira. Alikuwa ameshiba. Kicheko na kigoda alivitunga njiani, apate la kusema.

Panga lilikuwa zito. Aliliegemeza kwenye shina, akarudi ndani, akatoa kiberiti na brashi kwenye koti la marehemu. Jua lilipoanza kushukia mashamba ya chai, alipanda kigoda. Kiliyumba. Caren, aliyekuwa amemfuata hadi uani na kikapu chake, alikuja mbio akakishika.

"Achilia," Joan alisema. "Kina miguu mitatu, kitasimama chenyewe."

Caren aliachilia. Joan alipangusa ua baada ya ua, na unga ukaanguka, mwepesi, wa rangi ya maziwa. Aliposhuka, mkono wa Caren ulikuwa umenyooka mbele, kiganja wazi, kama mkono uliozoea kupokea. Mwenyewe aliuona, akaurudisha.

Joan alifunga kiberiti, akakitia mfukoni mwa sweta. Kwenye tawi la chini, ua moja lilikuwa bado limefumba.