Fahali wa Mabula

Asubuhi, ganzi ya upasuaji ilipoanza kumwisha Mabula, maumivu yake yaliingia wodini kwa miguu minne. Alikuwa fahali mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Mlinzi wa getini alimwambia asubiri saa ya kuona wagonjwa, lakini hakusikia. Akafika kitandani, akaweka kwato juu ya mguu uliofungwa bandeji. Mabula akapiga yowe.

Muuguzi Philomena akachoma mofini ya kutosha. Fahali akalala, Mabula naye akalala, na hapo ndipo Juliana alipoanza kulia.

Juliana ni mke wa Sostenes. Jana yake wanaume hao wawili walikuwa chini pamoja duara, yaani shimo la dhahabu, lilipobomoka, huko nje ya Runzewe. Mabula alitolewa, Sostenes bado. Chini mle mna njia tatu za zamani, na kuzifukua zote ni kazi ya wiki nzima. Mabula peke yake ndiye aliyejua mwenzake alikimbilia ipi.

"Shemeji, yuko njia ipi?"

"Mwambieni bibi aanue mtama," alijibu Mabula, akitabasamu usingizini.

Dawa ikiisha, mayowe. Ikirudi, mtama. Na mtu alikuwa anakufa huko chini.

Daktari wa usingizi, Zuhra, alikuja akamkagua fahali kuanzia pembe hadi mkia.

"Mmemfunga kamba moja nene, hii mofini. Inamwangusha hata mwenye ng'ombe. Leteni nyembamba, nyingi."

"Daktari, kamba hukatikia pembamba," alisema Philomena.

"Ikiwa peke yake."

Wakamfunga. Paracetamol ya dripu pembeni, ganzi ya mshipa wa fahamu miguu ya nyuma, gabapentini shingoni, ketamini chembe tu puani. Mofini ilibaki, ila imepunguzwa ikawa uzi wa kushonea. Fahali akavuta, kamba zikakaza, hakuna iliyokatika. Akapiga magoti, akaanza kucheua. Mhudumu wa usafi alileta koleo huku akinung'unika kwamba yeye aliajiriwa kupiga deki.

Mabula akafumbua macho.

"Bado ananielemea," alisema, "lakini nina akili zangu. Juliana, njia ya kulia, ile yenye maji. Nilimwona akiingia na tochi yake."

Alasiri Sostenes akatolewa hai, mwili mzima vumbi, akiuliza nani kachukua sururu yake. Simu ilipoingia wodini, vigelegele vilipigwa hadi waliokatazwa kuinuka wakainuka. Juliana alimshika fahali pembe akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kisha akamshukuru Mabula. Ilikuwa siku tamu, na atakayebisha hakuwepo.

Mzee Bujiku, mwenye duara, alifurahi kuliko wote. Aliposikia hospitali haina pa kuweka ng'ombe wa namna hiyo, alileta lori la miti, akajenga zizi nyuma ya wodi, akapigwa picha. Ilikuwa miti minene, minyoofu, ile ile ambayo wachimbaji walikuwa wakimwomba tangu masika ili washikilie kuta za duara.

Jumatatu duara likafunguliwa bila mti hata mmoja. Zizi ni kubwa. Fahali wa Mabula analala kwenye kona, na nafasi iliyobaki inatosha mafahali wengine.