Mgongo wa Mama Paskazia

...na pingili mbili zimelika, zimelaliana, hata mwanafunzi angeziona, Nestory akaiinua tena picha ya eksirei kwenye dirisha la zahanati kama vile mwanga wa Buswelu ungemhurumia, na nyuma yake Mama Paskazia anauliza, "Inasemaje, mkwe?", naye anajibu, "Subiri kidogo, mama," subiri, miezi minane amemsubirisha, mara nne katoka Misungwi na mara nne kaondoka na vidonge vya maumivu, uzee huo mama, miaka sabini na miwili si mchezo, punguza jembe... aliyasema hayo kasimama mlangoni, macho chini, maana huyu ni dada wa mama mkwe wake, na tangu utotoni alifundishwa kwamba mkwe hatazamwi, sembuse kumwambia avue nguo, basi mgongo akaupima kwa maneno, unauma wapi, hapa, juu ya kitenge, imetosha... na zile homa za jioni akaziita malaria, na gauni lililokuwa likimpwaya kila alipokuja hakuliona, angelionaje anaangalia sakafu, tena bibi hakohoi, kifua kikuu bila kikohozi nani angekifikiria, yeye, tabibu, ndiye aliyesomeshwa kukifikiria, kwamba kinakula na mifupa, na kwa wazee kinajificha ndani ya uzee wenyewe... leo muuguzi Winnie kamfunua dakika moja tu, nundu hiyo katikati ya mgongo, Winnie akamgeukia Nestory akamtazama, na heri angemtukana. Winnie yuko chumba cha pili, hatua kumi, angemwita tangu siku ya kwanza, mbona hakumwita, heshima, heshima gani hiyo, heshima ingetafuta macho mengine, hii ilikuwa aibu yake mwenyewe akiilinda, na mama wa watu kailipia kwa miguu, inakufa ganzi, juzi kaanguka bafuni, dawa atakunywa karibu mwaka mzima na ugonjwa utaisha, lakini miguu, miguu hawezi kumwahidi...

"Si uzee tu, baba? Wewe si ulishaniambia," anasema kwa upole, anamfungulia njia ya kutokea, na njia ni nyeupe, aseme ugonjwa umeanza juzijuzi, nani atabisha, Winnie hatasema, huko Misungwi wataendelea kumwita daktari wetu... mkono umechoka, picha bado iko dirishani, anageuka na kumtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe kwao, na bibi, kwa adabu yake yote, anainamisha kichwa upesi, kwa hiyo ni kilemba chake tu ndicho Nestory anachokiambia, "Hapana, mama. Nilikosea mimi."