Kiti cha Msoma Njia

Fundi Saa alifika kwa mdogo wake Ijumaa mchana, begi begani, akafungua mlango wa mbele wa gari kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Kitini palikuwa na mto mdogo wa maua na mkoba wa kike.

"Dada," mdogo wake alisema kutoka nyuma, akipanga madumu ya maji kwenye buti, "mwaka huu tumeona wewe ukae nyuma. Kuna nafasi ya kunyoosha miguu."

"Miguu yangu imekulalamikia lini?"

Mdogo wake alicheka kidogo, akaendelea na madumu. Alikuwa mwoka mikate, na alipotaka kukwepa neno alitafuta kitu cha kushika. Fundi Saa aliufunga mlango wa mbele taratibu, akaingia nyuma.

Gari lenyewe waliliita Bi Mkubwa. Lilikuwa la kijani, lina umri wa miaka hamsini na saba, na ndugu hao wawili walilinunua likiwa kwenye uwanja wa mtu, kuku wakitagia viti vya nyuma. Mdogo alihangaika na injini. Dada, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza saa kwenye kibanda chenye upana wa kitanda, alishughulikia kila kitu chenye mshale: saa, kipimo cha mwendo, kipimo cha joto. Kila mwaka walilipeleka kwenye mkutano wa magari ya zamani, katika hoteli moja ya milimani. Jumamosi magari yalizunguka vijijini kwa kufuata karatasi za njia, na mshindi hakuwa mwenye mbio bali aliyefika kila kituo kwa dakika yake, asiwahi wala asichelewe. Mmoja anashika usukani, mwenzake anasoma njia na kuhesabu muda. Mara mbili walikuwa wa tatu, mara moja wa pili. Vikombe vyote vitatu vilikaa sebuleni kwa mdogo wake hadi alipooa, miezi minane iliyopita. Sasa vilikuwa juu ya kabati, nyuma ya pasi mbovu.

Wifi yake alitoka ndani akikimbia kidogo, muuguzi wa wodi ya watoto, mrefu, mwenye mazoea ya kumgusa mtu bega anapozungumza naye. Alimgusa Fundi Saa bega kupitia dirisha.

"Wifi, karibu. Umekula kitu?"

"Nimekula."

Safari ilikuwa ya saa tatu. Kutoka kiti cha nyuma Bi Mkubwa alikuwa gari jingine kabisa. Kelele zilikuwa nyingi, upepo haukufika, na kisogo cha mdogo wake kilikuwa kimeanza upara bila yeye kupata habari. Muuguzi alimenya chungwa, akawa anamtilia mumewe kipande kimoja kimoja mdomoni, naye anapanua mdomo kama kifaranga, macho barabarani. Fundi Saa alitazama nje. Kwa miaka kumi na mmoja alimpa mdogo wake hesabu, tahadhari na makaripio. Chungwa hakuwahi kumpa, wala hakuwahi kuwaza kwamba angelitaka.

Muuguzi aligeuka, mkononi ana karatasi za mwaka uliopita alizokuwa akijifunzia. "Wifi, huu mshale uliokatwa na mstari maana yake nini?"

"Imeandikwa ukurasa wa mwisho."

"Ah. Sawa. Asante."

Hotelini walipokewa na mstaafu mmoja wa reli, ambaye kila mtu alimwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kitupu. Alimwona Fundi Saa akijivuta kutoka nyuma, akapiga makofi. "Makubwa haya. Bi Mkubwa kaletewa Bi Mdogo."

Watu walicheka. Fundi Saa naye alicheka, kicheko cha kuazima, na usiku huo alijilaza mapema asipate usingizi.

Asubuhi, wenzake wakinywa chai, alizivuta karatasi mpya za njia karibu na sahani yake akazisoma zote, ukurasa kwa ukurasa. Mazoea yana taabu. Kisha akazirudisha palipokuwa.

Waliondoka saa tatu na dakika nane. Muuguzi aliweka karatasi mapajani na kuhesabu muda kwa saa aliyoibandika kifuani, akiisoma kichwa chini kama wauguzi wote. Nyuma, ndani ya begi, Fundi Saa alibonyeza saa yake mwenyewe ya kuhesabia sekunde, asionekane. Alimfuatilia wifi yake neno kwa neno. Punguza. Kulia baada ya tangi la maji. Ongeza kidogo, tuko nyuma sekunde kumi. Alikuwa anangoja kosa, na kosa halikuja.

Kituo cha kwanza walikosea kwa sekunde nne. Mdogo wake alipiga usukani kwa kiganja. "Sekunde nne! Hatujawahi."

Kituo cha pili, sekunde mbili.

"Wewe mwanamke ulijificha wapi siku zote?" mdogo wake alimwambia mkewe, na mkewe akacheka huku akiinamisha kichwa.

Fundi Saa alilirudia neno lile kimoyomoyo. Hatujawahi. Ni nani hao ambao hawajawahi? Ni yeye. Miaka kumi na mmoja ya hesabu zake, na mtu wa miezi minane kaifuta kwa asubuhi moja.

Dakika chache baadaye muuguzi aligeuza ukurasa, na Fundi Saa akaona kwamba amegeuza mbili. Maji ya chungwa alilommenyea mumewe wakingoja kuondoka yalikuwa yamezigandisha pembeni. Ukurasa uliorukwa aliukumbuka vizuri: kwenye mashine ya kusaga nafaka, kata kushoto. Mashine hiyo ilikuwa inakuja mbele yao, paa la bati, magunia mlangoni. Alisogea mbele, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha wifi yake, akafungua mdomo.

Mashine ikapita. Aliigeukia hadi ikapotea kwenye vumbi. Kisha akaurudisha mkono mapajani, akaifunga zipu ya begi lake.

Walikwenda kilomita kumi na moja. Barabara ilizidi kuwa nyembamba, ikawa ya mawe, ikaishia kwenye machimbo ambayo hayakuwa na mtu. Waligeuza. Kwenye mlima wa kurudi mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, mdogo wake akasimamisha gari kando.

"Kazi yako ilikuwa moja tu," alimwambia mkewe. "Kusoma. Moja."

Muuguzi alikuwa akizipekua karatasi. Alizitenganisha mbili kwa ukucha. "Zilikuwa zimegandana," alisema polepole.

"Usimkaripie," Fundi Saa alisema kutoka nyuma. "Ni mgeni wa mambo haya."

Maneno yalikuwa matamu, na yalipomtoka tu alijua kwamba ni machafu kuliko ule ukimya.

Mdogo wake alishuka, akafungua boneti, kisha akapanda kilimani na simu kutafuta mtandao awaarifu waandaaji. Wanawake wawili walibaki wakisikiliza injini ikitoa sauti ya kupoa.

"Nilikuona, wifi," muuguzi alisema bila kugeuka. Alinyoosha kidole kwenye kioo kidogo kilichokuwa kwenye kibao cha kuzuia jua. "Ulishika kiti changu. Nikadhani umekumbuka kitu ulichosahau hotelini. Sasa nimesoma huu ukurasa."

Fundi Saa hakukana. "Mbona hukumwambia alipokuwa anakufokea?"

"Ana dada mmoja." Muuguzi aliukunja ukurasa, na sauti yake ikaacha upole wa wodini. "Lakini usinidhanie mwema. Miezi minane naambiwa dada alikuwa anapika hivi, dada alikuwa anakunja nguo hivi. Kiti hiki nilikiomba mimi. Nilijua ni chako. Vikombe pia niliviondoa mimi."

"Nilijua."

"Najua ulijua."

Mdogo wake aliporudi, Fundi Saa alikuwa ameshuka, amesimama karibu na taa ya mbele.

"Mimi niliiona njia," alimwambia. "Niliona karatasi zimegandana, nikaiona mashine, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa anasoma vizuri."

Mdogo wake alichukua kitambaa, akafungua kifuniko cha rejeta kidogo kidogo, akaanza kumimina maji. "Mimi nilidhani umechoka, dada. Kila mwaka tukirudi unalalamikia mgongo wiki nzima. Ungekitaka kiti ungesema."

"Ningesema nini? Nina miaka arobaini na sita. Nimlilie mdogo wangu kiti cha gari?"

Mdogo wake alimimina dumu zima, na la pili, ingawa rejeta ilikuwa imeshajaa na maji yanamwagikia viatu vyake.

Walimaliza wa ishirini kati ya magari ishirini na moja. Wa mwisho alikuwa Kofia, ambaye gari lake halikuwaka tangu asubuhi.

Jumapili, wakati wa kuondoka, muuguzi alikuja na mto wake akaingia nyuma, karibu na Fundi Saa, akatazama nje.

"Mbele anakaa nani?" mdogo wake aliuliza.

Muuguzi aliuweka mto mapajani.

"Haya. Mmenigeuza teksi."

Kwa saa nzima kiti cha mbele kilikaa kitupu, na Fundi Saa alikitamani. Angeweza kusema tu, simamisha, nihamie. Alijua asingekataliwa na hakuna ambaye angemzuia. Alikitazama, akakiacha.

Waliposimama kutia mafuta, mdogo wake alilipa, akaja akafungua mlango wa upande wa mkewe, akabaki ameushikilia.

"Nilikufokea bila kuuliza," alisema. "Tena mbele ya dada. Nisamehe."

Muuguzi alimwacha asimame pale, mpaka gari la nyuma likapiga honi. Ndipo akauchukua mto wake, akashuka, akaenda mbele. Wivu ukambana Fundi Saa tena, pale pale, kana kwamba hakuna kilichosemwa tangu jana. Alimwona wifi yake akiuvuta mlango mara mbili, nao haushiki.

"Uinue kwanza kidogo, ndipo uvute," Fundi Saa alimwambia. "Huo una kiburi chake."

Muuguzi aliuinua, akauvuta, ukafunga.